Retoti niliyompelekea mjomba

Jumamosi iliyopita nilipanda basi la Chunya nikiwa na mzigo mapajani: kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa boliti, na bomba jembamba lililopinda. Nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa. Nilimwambia asitumie bomba la maji lililopakwa zinki, maana zinki ikipata moto hutoa moshi mbaya. Inaitwa retoti, chombo cha kuchomea dhahabu iliyoshikana na zebaki, ile metali ya majimaji, bila mvuke wake kutoroka hewani, na nilikuwa nampelekea mjomba wangu Matundasi.

Mjomba ni mchimbaji wa dhahabu tangu sijaanza shule. Duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, linashuka wima, kuta zimeshikwa na matimba ya miti ya porini, kisha linageuka kufuata mkanda wa mawe meupe. Jiwe linapandishwa kwa kamba, kiroba kwa kiroba, linasagwa kwenye karasha mpaka linakuwa vumbi, halafu linaoshwa juu ya mteremko uliotandikwa magunia. Dhahabu ni nzito karibu mara ishirini ya maji, kwa hiyo inanasa kwenye nyuzi huku mchanga ukiteremka na maji.

Nikiwa mtoto nilidhani kuchimba ni hivyo tu. Baadaye nikaona kumbe kila kilichomo ardhini kina namna yake ya kutolewa. Makaa ya mawe ya Kiwira yalichimbwa kwa kuingia ndani ya mlima, lakini ya Ngaka kule Ruvuma yako karibu na uso, wanaondoa udongo wa juu na kuyachota kwa mashine. Chokaa ya saruji hapa Songwe wanalipua jabali. Hata dhahabu ya Lupa, hukohuko Chunya, iliyowavuta watu wengi miaka ya 1920 na 1930, kwa sehemu kubwa ilianza na karai na mchanga wa mtoni, bila shimo refu. Sisi tumebaki na ile iliyojificha ndani ya jiwe.

Ndipo inapoingia zebaki. Mchanga uliobaki kwenye magunia unakung'utwa ndani ya beseni, unamwagiwa zebaki, na mjomba anausugua kwa viganja vitupu. Zebaki inazikusanya punje za dhahabu ambazo jicho halizioni. Anaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha kijivu kama ugali wa jana. Kidonge kinawekwa kwenye kipande cha bati juu ya mkaa. Ikifika nyuzi 357 zebaki inachemka na kupotea hewani, kijivu kinageuka njano mbele ya macho yako.

Haipotei. Inaingia mapafuni, inatua kwenye paa ambalo mvua yake tunakinga ya kunywa, inashuka mtoni na kuingia kwenye samaki. Mama mdogo alikuwa anachomea palepale jikoni, mtoto mgongoni. Mikono yake sasa inatetemeka akishika kikombe. Hakuna daktari aliyetuambia ni zebaki, na mimi siwezi kuapa. Ila nikiiangalia mikono ile silali.

Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, na semina zimefanyika. Nilikuwa naamini watu hawatumii retoti kwa kutojua. Mjomba alinisahihisha.

"Mpwa wangu, zebaki naijua. Lakini duara lina wenzangu sita. Ukifunika dhahabu humo ndani, nani ataamini hujaibakiza?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Kuchomea wazi ndiko kunakowapa amani: wote wanachuchumaa kuzunguka bati, wote wanaona. Ukileta chombo kinachofunga kifuniko, umegusa uaminifu wao.

Tukakubaliana hivi: kidonge kipimwe mbele ya wote kabla ya kufungwa, boliti zikazwe na yule anayelalamika kuliko wengine, na retoti isifunguliwe mpaka ipoe na wote wawepo. Tulizungushia bomba kitambaa kibichi ili mvuke wa zebaki upoe na kurudi kuwa majimaji, mdomo wake ukaning'inia juu kidogo ya maji ya beseni. Moto ulichukua muda mrefu na vijana wakaanza kunung'unika. Kisha tone la kwanza likadondoka, jeupe, likazama. Likafuata la pili.

Kikombe kilipopoa, mwenye malalamiko akafungua mwenyewe. Dhahabu ilikuwa imekaa chini, imepauka kidogo. Wakaipima, mizani ikazunguka mkono kwa mkono. Mjomba hakuitazama mizani. Alikuwa ameinamia beseni, anaizungusha ile zebaki iliyorudi.

"Kumbe yote hii tulikuwa tunaivuta," akasema.