Barafu Juu ya Bamba la Baridi

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha sayansi, nikiwa na darasa la wanafunzi 38 wenye umri wa miaka 12 hadi 14, na tulikuwa tumetumia wiki mbili nzima kwenye mada ya joto na nishati ya joto. Niliamini kwamba mada imeeleweka. Katika jaribio la Ijumaa karibu wote walikuwa wameandika, neno kwa neno kama nilivyowapa, kwamba joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye kitu chenye halijoto ya chini, na kwamba halijoto huonyesha wastani wa nishati mwendo ya chembechembe za kitu. Nilisahihisha madaftari yale kwa furaha ya kweli.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaanza mada mpya, msichana mmoja wa safu ya mbele alishika mguu wa chuma wa dawati lake, akautoa mkono upesi, akamwambia mwenzake kwamba chuma kina baridi ndani yake. Hakuwa akizungumza na mimi. Nilimwuliza uso wa dawati, ambao ulikuwa wa mbao, una halijoto gani ukilinganishwa na ule mguu. Alisimama, akajibu bila kusita: "Mbao ina joto zaidi, Mwalimu. Chuma ni cha baridi." Nilipouliza ni nani wanaokubaliana naye, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kiasi kwamba sikuona haja ya kuihesabu. Hao hao ndio walioniandikia maana sahihi ya joto siku tatu tu zilizopita.

Niliweka kando somo nililoliandaa. Katika chumba cha vifaa palikuwa na bamba nene la alumini, lenye uzito wa kilo moja hivi, na kipande cha ubao chenye ukubwa unaokaribiana nalo, vyote viwili vikiwa vimelala juu ya meza moja tangu wiki iliyotangulia. Nilivileta mbele, nikawaita wanafunzi kwa makundi wavishike, na kila kundi likasema bamba ni baridi kuliko ubao. Kisha nikabandika kipimajoto juu ya kila kimoja kwa utepe wa gundi, tukasubiri dakika 5. Vyote viwili vilisoma nyuzi 24 za Selsiasi.

Mvulana mmoja alikuja, akainama, akasoma mara mbili, kisha akatangaza kwamba kipimajoto cha kwenye bamba ni kibovu. Nilimruhusu avibadilishane. Tukasubiri tena, na tena vikasoma 24. "Basi vyote viwili ni vibovu," alisema, na darasa likamwunga mkono. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu hata leo. Mkono wake alikuwa ameuamini tangu kuzaliwa, ilhali vipimajoto vyangu alikuwa amevifahamu kwa dakika zisizozidi 15.

Hapo ndipo nilipotuma barafu iletwe. Nilieleza kwamba nitaweka vipande viwili vinavyolingana, kimoja juu ya bamba na kingine juu ya ubao, nikawataka kila mmoja aandike kwenye daftari ni kipi kitakachotangulia kuyeyuka na kwa nini, kabla sijagusa chochote. Wanafunzi 31 walichagua ubao. Mmoja aliandika kwamba baridi ya bamba itaitunza barafu, na naona bado kwamba hiyo ilikuwa hoja safi kabisa kwa mtu aliyeanzia pale alipoanzia yeye.

Kipande cha juu ya bamba kilianza kulowa papo hapo. Maji yalienea chini yake kama ukingo mwembamba unaong'aa, kipande kikateleza kidogo kikiwa juu ya maji yake chenyewe, pembe zake zikapotea, na kikaendelea kupungua kimo huku tukikitazama. Kile cha juu ya ubao kilikaa kama kilivyowekwa, kikiwa na unyevu kidogo tu kwenye kitako. Darasa lilinyamaza kimya ambacho sikuwahi kukipata kwa kuamrisha. Haikupita muda mrefu, juu ya bamba palibaki dimbwi dogo tu, na juu ya ubao kipande kilikuwa bado na pembe zake zote.

Yule msichana wa safu ya mbele ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja mezani, akaweka kiganja kimoja juu ya bamba na kingine juu ya ubao, akavishikilia kwa muda huku amefumba macho. Kisha akasema: "Mwalimu, kumbe chuma hakinipi baridi. Kinaninyang'anya joto."

Nilimwomba arudie ili wote wasikie. Kutoka hapo kazi yangu ilikuwa nyepesi. Ngozi ya kiganja ina nyuzi 30 na kitu, kwa hiyo kitu chochote chenye nyuzi 24 kitapokea joto kutoka kwake. Tofauti ni kwamba alumini hulipitisha joto hilo mbali upesi sana, na mbao hulipitisha polepole mno, hivyo pale unapoishika mbao hupata joto na halijoto yake hukaribia ya mkono wako. Mkono haupimi halijoto ya kitu, bali husikia jinsi joto linavyotoka mkononi, kwa kasi au polepole. Kipande cha barafu chenye gramu 20 huhitaji takribani jouli 6,700 za nishati ili kiyeyuke, na bamba lilikuwa limezitoa kutoka kwenye akiba yake. Nilimwita yule mvulana wa vipimajoto aje asome tena: bamba lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 18. Safari hii hakusema kipimajoto ni kibovu.

Jioni ile nilikaa na madaftari yao nikafikiri juu ya maneno yangu mwenyewe. Wiki nzima nilikuwa nimesema "fungeni mlango, baridi inaingia", kana kwamba baridi ni kitu chenye miguu. Nilikuwa nimesema "joto la mgonjwa limepanda" nikimaanisha halijoto, kisha saa hiyo hiyo nikawataka watofautishe joto na halijoto. Lugha yetu ya kila siku hulibebesha neno joto kazi zote mbili, nami sikuwaonya. Tena, si jambo jepesi: mwanasayansi Joseph Black, aliyeonyesha katika miaka ya 1760 kwamba kiasi cha joto na halijoto ni vitu viwili, alifika huko kwa kutazama barafu inayoyeyuka bila halijoto yake kupanda, na katika enzi yake wasomi wengi bado waliliona joto kuwa aina ya majimaji yanayopenya ndani ya vitu. Mimi nilitaka watoto walimeze hilo kwa sentensi mbili za kunakili.

Wiki iliyofuata niliwapa swali moja tu: vipande viwili vya barafu, kimoja kimefungwa ndani ya sweta na kingine kiko wazi, ni kipi kitakachotangulia kuyeyuka? Wanafunzi 17 kati ya 38 waliandika kwamba ni cha ndani ya sweta, kwa sababu sweta lina joto. Nilirudisha madaftari bila kuandika alama yoyote, nikavua sweta langu, nikaliweka juu ya meza, na kumtuma mtu barafu kwa mara ya pili.