Mtani Hakucheka

Jumamosi, usiku

Nimerudi kutoka kwenye vichekesho na usingizi hauji. Nilikwenda na rafiki yangu wa miaka kumi na moja. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Makabila yetu ni watani, kwa hiyo tangu tujuane hatuitani majina, ni "mtani" tu. Mimi humuuliza mbwa wa jirani kaenda wapi, yeye huniuliza panya siku hizi bei gani.

Mchekeshaji wa tatu akaanza na Wahehe. Mhehe ukimnunia, akasema, kesho unamkuta amejinyonga. Akaigiza mpaka shingo. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na mimi nilikuwa nimeshacheka nilipogeuka nikamwona mwenzangu anatazama mikono yake.

Baba yake mdogo alikufa hivyo hivyo. Nilikuwepo msibani, Iringa. Baba yangu alikuja kama mtani: akavaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akashuka kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka wafiwa wachange hela. Mjane alicheka huku machozi yanamtoka. Lakini kuhusu namna marehemu alivyokufa baba hakugusa hata neno moja, na jembe alilishika tangu alfajiri. Wangoni na Wahehe walipigana vibaya kati ya 1878 na 1882. Utani wetu ulizaliwa na watu waliokwisha kuzikana. Ndiyo maana una haki na una kazi. Mtani anakutukana, nawe unamjibu papo hapo, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayechimba.

Pale ukumbini kipaza sauti kilikuwa kimoja.

Sitaki polisi waingie humu. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa baada ya kurekodi video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, na nililiona jambo lile ni baya, bado naliona baya. Mkubwa achekwe, ana njia elfu za kujibu. Aliyefiwa, aliyekaa safu ya sita gizani, anajibu kwa njia ipi?

"Mtani, twende," aliniambia, taratibu. Kwenye bajaji hatukuzungumza. Tulipofika kwake nikamwambia nisamehe, nilicheka.

Akasema, "Nilikusikia."

Kesho nitakwenda kwake mapema, kabla hajatoka kwenda kanisani.