Mulla Mustafa na Machi ya 1975

Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za Mulla Mustafa Barzani, kiongozi wa Wakurdi wa Iraki, taifa la milimani lisilo na dola yake, na hasira niliyo nayo haijatulia. Mbele yangu ipo picha yake ya uzeeni: kilemba chekundu na cheupe cha ukoo wake wa Wabarzani, jambia limechomekwa kwenye mshipi, macho makavu.

Alizaliwa 1903 kijijini Barzan, kaskazini mwa Iraki ya leo. Gereza alilijua angali mtoto, Waosmani walipomfunga Mosul pamoja na mama yake. Mwaka 1946 alikuwa jenerali wa Jamhuri ya Mahabad, dola ya Wakurdi ndani ya Irani ambayo haikumaliza hata mwaka. Rais wake, Qazi Muhammad, alinyongwa. Barzani akakataa kusalimu amri. Alitoka na wapiganaji wapatao 500, wakakata milima ya mpakani kwa miguu huku jeshi la Irani likiwaandama, na Juni 1947 wakavuka mto Aras kuingia Umoja wa Kisovieti. Waliondoka vijana. Walianza kurudi 1958 tu, na wengine walikuja na wake na watoto waliowapata huko.

Vita na serikali ya Iraki, iliyoko Baghdad, vilianza 1961. Mwaka 1970 akaahidiwa utawala wa ndani, ahadi ikavunjika, mapigano yakarudi.

Kinachoniuma ni Machi 1975. Shah wa Irani na Saddam Hussein wa Iraki walipatana Algiers juu ya mpaka wa mto Shatt al-Arab, na papo hapo msaada wa Irani kwa Wakurdi ukakatwa. Marekani, iliyokuwa ikiwasaidia kwa siri tangu 1972, nayo ikanyamaza. Mzee alimwandikia Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akimsihi. Haikusaidia kitu. Akiwa na miaka 72 ikambidi awaambie watu wake vita vimekwisha, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka na watoto migongoni.

Wapo wanaomlaumu kwamba aliwaamini mno wageni. Sikubaliani nao. Mtu aliyezungukwa na Uturuki, Irani na Syria angepitishia wapi risasi na unga? Kamati ya Bunge la Marekani chini ya Otis Pike ilikuja kubaini kwamba wakubwa wa Marekani na Shah hawakutaka Wakurdi washinde, walitaka tu waendelee kuichosha Iraki. Barzani alifariki Washington, Machi 1979, akiugua saratani. Lawama zangu mimi nawapa waliompa bunduki huku wakiomba asishinde.