Leva ngumu ya pikipiki ya babu

Breki ya mbele ya pikipiki ya babu ilikuwa ngumu, na ukiiachia leva inarudi kwa kujivuta. Kwa mteremko wa Bugando hapa Mwanza, hilo si jambo la kuahirisha. Fundi mmoja hapa Mabatini akasema ni viatu vya breki, vile vipande vinavyosuguana ndani ya gurudumu, ninunue vipya. Sikuridhika. Kwenye pikipiki hizi za zamani za breki ya ngoma, breki ya mbele inavutwa na waya tu, haina mafuta ya breki, kwa hiyo unaweza kupima kipande kwa kipande.

Nikachomoa waya kule gurudumuni, nikasukuma kwa vidole ule mkono mdogo wa chuma ambao waya huuvuta: ukaenda na kurudi vizuri kabisa. Basi viatu havina kosa! Leva peke yake nayo laini. Umebaki waya. Kuuvuta kwenye ganda lake, kutu tupu, na karibu na kile kichwa kinachokaa kwenye leva nyuzi kadhaa zimeshakatika, zimesimama kama miiba ya samaki. Waya wa hivyo haupakwi oili jamani, unatupwa.

Nimefunga mpya, bolti ya leva nimeipaka grisi, na kwenye ncha ya leva nimeacha nafasi ya kama sentimita 2 kabla breki haijashika. Gurudumu linazunguka bila kukwaruza.