Ile tyubu ya buku tatu na ndama wa bibi

Jamani hili limenikaa rohoni, acha niliseme. Mwezi wa sita mtoto wa dada yangu alienda likizo kwa bibi yake Sikonge, karudi hapa Isevya ana duara jekundu mkononi na kichwani kipande hakina nywele kabisa. Mashilingi tu hayo, wale fangasi wa ngozi, tukasema, nani hajawahi kuyaugua? Dada akaenda duka la dawa akauziwa tyubu ya buku tatu, zile za mchanganyiko, dawa ya fangasi na ya bakteria na steroidi, ile ya kutuliza muwasho, humohumo. Siku ya tatu wekundu umeisha, muwasho hamna, tukafurahi tukaacha kupaka. Wiki mbili mbele limerudi limefika mpaka kwenye kiwiko na halina hata ule ukingo wake, ungesema ni aleji.

Hospitali daktari akamkwangua magamba kidogo, akaweka kwenye kijikioo na tone la dawa, akachungulia kwenye hadubini, halafu akauliza, kule mnafuga? Mtoto mwenyewe ndo akajibu: "Ndama wa bibi ana miwani." Na kweli bana, yule ndama ana magamba ya kijivu kuzunguka macho yote mawili, na mtoto kila jioni alikuwa anamkumbatia shingoni akimnywesha maji, ndo fangasi akamhamia.

Kumbe steroidi inatuliza ngozi tu, fangasi anaendelea kula taratibu, na dozi ukiikatiza wanaobaki ndo wale wagumu. India wameona cha moto, kuna fangasi alipewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020, mara nyingi terbinafini, dawa ya fangasi, haimwezi, na madaktari wa kule wanazilaumu sana tyubu kama hizi. Mwaka 2023 Marekani nao wakatangaza wagonjwa wao wa kwanza, New York. Huyo anapita zaidi mtu kwa mtu. Brazil mwambukizaji ni paka, toka mwishoni mwa miaka ya 1990 Rio de Janeiro wanahangaika na fangasi mwingine, Sporothrix brasiliensis, paka anakukwaruza kidole vidonda vinapanda mkono mzima, unameza itrakonazoli, dawa ya fangasi nayo, miezi na miezi. Mwaka 2022 Uingereza wakaripoti watu watatu, mwenye paka, binti yake na daktari wa mifugo, wote kwa paka mmoja aliyeondoka Brazil miaka mitatu nyuma. Miaka mitatu!

Fangasi wa kwetu bado anasikia dawa, namshukuru Mungu. Ila kichwani ya kupaka haifiki kwenye mzizi wa nywele, kwa hiyo ni vidonge vya griseofulvini kila siku na maziwa maana inataka mafuta, wiki sita, na safari hii hatukatizi. Bibi alibisha, ndama hupona wenyewe bwana. Ni kweli huwa wanapona, lakini yale magamba yakidondoka zizini fangasi anakaa kwenye mbao hata miaka. Bwana mifugo kamtenga ndama, bibi kabadilisha nguzo mbili na zilizobaki kazisugua kwa dawa kwa mkono wake. Mtoto nywele zimeanza kuchomoza, laini kama za kichanga, na kila asubuhi ananiuliza, mjomba, ndama ameshavua miwani?