Mbaazi za Hitima

Mwaka 2014 nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nakaa kwa shangazi yangu Kibokoni, Mji wa Kale. Shangazi akiuza mahamri barazani kila asubuhi, nami nilikuwa na kazi ya somo la takwimu: hoji watu, kisha kokotoa uwezekano. Sikwenda mbali. Nilijikalia kando ya karai la mafuta na daftari, nikawa namwuliza kila mteja mambo mawili tu: chai au kahawa? Mbaazi, au mahamri matupu? Napiga vijiti vinne, cha tano nakilaza juu yake, mpaka wakatimia watu 60.

Wa chai walikuwa 40, na kati yao 24 walichukua mbaazi. Wa kahawa 20, wenye mbaazi 6. Basi mbaazi jumla 30. Nikachukua 24, nikagawa kwa 30, nikapata 0.8. Nikamwendea shangazi kwa maringo: "Wanywao chai, wanane katika kumi wataka mbaazi."

Laiti ningenyamaza. Wiki ileile jirani akaagiza chai na mahamri ya hitima, watu 50. Shangazi, ambaye miaka yote alikadiria kwa macho, safari hii akamfuata msomi wake: mbaazi za watu 40. Nazi nilizikuna mimi, mbuzi ikaniumiza mapaja. Waliokula mbaazi walikuwa 22.

Tui halina subira na joto la Mombasa. Adhuhuri ilipoadhiniwa, sufuria ilikwisha anza kutoa povu.

"Hizi n'tamlisha nani, mwanangu?" Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jumatatu nikampelekea mwalimu jedwali. Kugawa kwangu, akasema, hakuna kosa. Akachukua karatasi akaufunika mstari wa kahawa. "Umeshaambiwa mtu huyu anywa chai. Basi hawa 20 hawapo duniani. Wamebaki wangapi?"

"40."

"Wenye mbaazi?"

"24." Yaani 0.6.

Akaihamisha karatasi, akafunika safu ya mahamri matupu. Sasa walibaki wenye mbaazi 30, na ndipo ikatokea 0.8 yangu. Kumbe nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza: ukimwona mtu na bakuli la mbaazi, yaelekea anywa nini? Shangazi alitaka kinyume chake.

Mwalimu akatuonyesha pia njia ya kuvuka kutoka swali moja hadi la pili, kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza ambaye insha yake ilichapishwa 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. 0.8 mara 30/60, gawanya kwa 40/60: 0.6 ileile. Kanuni niliikariri kwa ajili ya mtihani. Kilichoniingia kichwani ni ile karatasi.

Jioni nikamweleza shangazi, kwa kitambaa cha meza badala ya karatasi. Kwa watu 50, nikasema, ilifaa upike za watu 30. Akanisikiliza hadi mwisho, akichambua mchele.

"Na waliokula ni 22," akasema. "Hao wanane wako wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Wewe uliwauliza wateja wangu wa alfajiri. Nusu yao watoka zamu ya usiku bandarini, wana njaa. Wale wa hitima walikwisha kula makwao."