Mwendo wa uradi, usiku wa kuamkia Ijumaa

Halaka nyingi za uradi, yaani duara za watu wanaosoma pamoja dhikri na dua zilizopangwa, hapa pwani hufa kwa mwendo kabla hazijafa kwa kukosa watu. Uradi ukienda mbio, mzee mwenye kifua anaachwa nyuma, kijana anayejifunza anameza maneno ambayo hakuyasikia vizuri, na mgeni anakaa kimya akidhani kila mtu anajua isipokuwa yeye. Baada ya miezi michache wanabaki watu watano waliohifadhi zamani, wanasomeana wenyewe kwa wenyewe. Usiku huu naandika juu ya hilo, kwa kuwa wanaotaka kuanzisha halaka mtaani kwao huuliza vitabu gani vinunuliwe na spika ikae wapi. Mwendo hawauulizi.

Hapa Bagamoyo jambo hili lina wenyewe. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto, tena mtumwa. Akasoma, akafundisha, akawa kiongozi wa tarika (njia ya Kisufi) ya Kadiria katika mji huu mpaka alipofariki mwaka 1931. Sheikh Uways wa Barawa, Somalia (1847–1909), alikuwa na mkono mkubwa katika kuieneza tarika hiyo Unguja na mwambaoni. Ziyara ya Bagamoyo, mkusanyiko wa kuzuru na kuwakumbuka masheikh, ya kila mwaka bado inawaleta watu kutoka mikoa mbalimbali, na anayekuja mara ya kwanza akiona bendera, akisikia dufu na zikri ya kusimama, hudhani hapo ndipo penye kazi. Kazi iko kwenye hizi Alhamisi ndogo, watu ishirini au thelathini juu ya mkeka baada ya isha. Aliyezoea kupokea uradi akiwa amekaa ndiye anayeweza kuistahimili zikri ya kusimama pumzi zikianza kuwa nzito. Asiyezoea huchoka mapema, au huanza kupiga kelele, na kelele ndiyo inayoharibu zaidi.

Uradi ninaoutolea mfano ni Ratibu ya Haddad. Ilipangwa na Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, Yemen (1634–1720), na inasomwa katika misikiti mingi ya Kishafi mwambaoni kote. Ni ya Alawiya, tarika ya masharifu wa Hadhramaut, si ya Kadiria, lakini watu wa pwani wanasoma hii na hii bila kuona tabu. Inafunguliwa kwa Fatiha, Ayatul Kursiyyu na Amanar Rasulu (aya mbili za mwisho za sura ya Baqara). Zinafuata dhikri fupi fupi, nyingi zikisomwa mara 3 kila moja, ila "Ya Dhal-jalali wal-ikram, amitna ala dinil-Islam" ni mara 7 na "Astaghfirullaha rabbal-baraya" ni mara 4. Halafu "La ilaha illa Llah" mara 50, Ikhlas mara 3, Falaq na Nas mara moja moja, Fatiha za kuwarehemu waliotangulia, na dua. Ikisomwa kwa utulivu inachukua dakika 15 hadi 20. Ikimalizika kwa dakika 8, ujue kuna vitu vimemezwa.

Kinachomezwa kwanza ni hizo tatu tatu. Anayeongoza anamaliza ya tatu yake na kurukia dhikri inayofuata wakati wanaopokea bado wako katikati ya ya tatu yao. Kwa hiyo nusu ya watu wamesoma mbili na nusu, na hakuna aliyekusudia. Dawa yake ni moja: anayeongoza afunge mdomo mpaka sauti ya mwisho kabisa iishe, na mara nyingi sauti hiyo ni ya mzee aliyeegemea nguzo kule nyuma. Pumzi moja ya kimya, kisha aanze. Pumzi hiyo wageni huiona ndefu, lakini baada ya wiki mbili tatu kila mtu ameizoea.

Pa pili panapoharibika ni kwenye ile saba. Ulimi umeshazoea tatu, basi wakifika ya tatu nusu ya watu hunyamaza na nusu huendelea, na wale walionyamaza wakirudi wanarudi na hesabu yao. Anayeongoza aweke mkono wa kulia juu ya goti, vidole vikionekana, akunje kimoja kimoja. Walio karibu wataona, walio mbali watawafuata walio karibu.

Ile "La ilaha illa Llah" ya mara hamsini ndiyo moyo wa usomaji, na ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Anayehesabu asiwe anayeongoza. Mwenye kuongoza kazi yake ni kusikiliza, na hawezi kusikiliza huku akili iko kwenye punje. Apewe mtu mmoja tasbihi ya punje 99 iliyofungwa uzi mwembamba wa rangi baada ya punje ya 50. Akiugusa uzi anainua kidole, basi. Kumi za mwanzo ziende taratibu, "la" ya kwanza ivutwe ipasavyo, kila moja ikichukua kama sekunde nne. Kwa mwendo huo hamsini nzima haizidi dakika nne, kwa hiyo hakuna sababu ya haraka yoyote. Katikati sauti hupanda zenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo: "ilaha" inaanza kupotea, kinachosikika ni "laillalla, laillalla". Neno hili linakanusha kisha linathibitisha, na mtu akilimeza katikati hakukanusha wala hakuthibitisha. Ukilisikia limefika huko usisimamishe halaka, wala usigonge mkeka kwa kiganja, maana pigo la mkono linawapa watu kitu cha kukimbilia. Anayeongoza ashushe sauti yake na airefushe ile "la" ya kwanza. Duru tatu nne hivi, wote wamerudi. Tatu za mwisho zipunguzwe mwendo, na ya mwisho ifungwe kwa "Muhammadun rasulullah", ikifuatiwa na kumswalia (s.a.w.).

Sauti ya kuanzia nayo ina hesabu yake. Kijana mwenye koo zuri hupenda kuanzia juu, na kwa dakika tano za mwanzo anapendeza kweli. Wakifika kwenye saba, sauti za wazee zimeshapasuka na za watoto wa chuo cha Kurani zinapiga mayowe. Aanzie kwenye sauti ile ile anayomsalimia mtu mlangoni, itapanda yenyewe. "Shusha, mwanangu," mzee humnong'oneza, na kijana akijibu "Naam, Maalim" huwa ameshashusha. Hapo ndipo adabu ya halaka inapofundishwa, bila hotuba.

Kwa watu thelathini kipaza sauti ni madhara matupu. Mwenye kipaza anasikika peke yake, wanaopokea hawajisikii, na mtu asiyejisikia huacha kutamka, akabaki kutikisa kichwa. Kaeni duara, au safu mbili zinazotazamana, goti karibu na goti, wasiojua wakichanganywa kati ya wanaojua. Wanaojifunza wakirundikwa nyuma pamoja wataendelea kutojua.

Kasida huja baada ya dua, na kwa maoni yangu moja inatosha. Munshidi, yaani mwimbaji, anaimba beti, watu wanarudisha kiitikio. Munshidi mzuri huuanza ubeti baada ya kiitikio kutua, si juu yake. Dufu, kama zipo, zikae barazani au uani; Ratibu isomwe ndani bila chombo chochote, hivyo hakuna anayekwazika na kila kitu kinapata mahali pake. Ngozi ya mbuzi na upepo wa bahari hawapatani, hasa wakati wa masika. Dufu iliyolala siku mbili bila kupigwa inalegea na kutoa sauti nzito isiyojibu. Washa vifuu vya nazi mapema, uache moto ushuke uwe makaa, kisha shika dufu urefu wa mkono juu yake, ngozi ikitazama chini, ukiizungusha polepole. Kila baada ya muda ligonge kwa ncha ya kidole karibu na ukingo. Sauti ikianza kulia kavu, liondoe. Ukilisogeza karibu ili liwahi, ngozi hupasuka penye misumari, na hiyo haishoneki. Wapigaji wanne wanatosha: mmoja ashike pigo la msingi asilibadilishe, wengine wajibizane. Wote wakitaka kujibizana, munshidi hana pa kuegemea na kasida inaanza kukimbia, kosa lile lile la uradi limerudi kwa mlango mwingine.

Darasa lifuate hapo hapo, kabla ya kahawa. Nasisitiza hili kwa nguvu zote. Kahawa ikitangulia, nusu ya watu hunywa, hushukuru na kuaga, na darasa linabaki la wenye nyumba za karibu. Buli likae jikoni mpaka kitabu kifungwe.

Kitabu cha kuanzia kiwe Safinatun Najah, kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafi alichokiandika Sheikh Salim bin Sumayr, mwanachuoni wa Kihadhrami wa karne ya 19. Fasili zake, yaani vifungu vyake, ni fupi, nyingine mistari mitatu tu, na karibu zote ni za kuhesabu: faradhi za udhu 6, nguzo za swala 17, viungo vya kusujudia 7. Mwanafunzi anasoma Kiarabu kipande kipande, mwalimu anafasiri kwa Kiswahili, halafu mwanafunzi mwingine anarudia fasiri kwa maneno yake mwenyewe. Fasili moja kwa usiku, maswali matatu, dakika zisizidi 25. Kwa mwendo huo kitabu kinachukua zaidi ya mwaka, na hapo watu huingiwa na hamu ya kuruka kwenda kwenye kitabu kikubwa. Wasiruke. Darasa linalobadilisha kitabu kabla ya kukihitimisha linawafundisha watu kwamba kuacha katikati si kitu. Wanaotaka tafsiri wapewe usiku wao mwingine, wakae na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969: aya isomwe kwanza, kisha Kiswahili chake, kisha maelezo ya chini, ndipo watu wazungumze. Wakianza kwa kuzungumza, aya haisomwi tena.

Katika Safina kuna fasili moja inayoufunga uradi na darasa kuwa kitu kimoja, nayo ni ile ya shadda za Fatiha, yaani mahali herufi inapokazwa. Ziko 14. Mwalimu amwambie kila mtu asome Fatiha polepole, akikunja kidole kila anapokaza herufi. Wengi wataishia 11 au 12, wakiwemo watu wanaoisoma swala zote tano tangu utotoni. Basi wazitafute pamoja. Bismillahi peke yake ina tatu, na kwa Shafi ni aya ya Fatiha, kwa hiyo anayeipitia juu juu ameanza na upungufu. "Iyyaka" ya kwanza na ya pili zina moja moja kwenye yaa, na ndizo zinazopotea zaidi kwa msomaji wa mbio. "Waladh-dhallin" ina mbili, moja kwenye dhadi na moja kwenye lamu, na watu huhesabu moja. Fatiha ni nguzo ya swala, na shadda iliyoachwa ni herufi iliyoachwa. Mtu akitoka kwenye fasili hii, Alhamisi inayofuata humsikii tena akiikimbiza Fatiha ya kufungulia Ratibu. Hakuna aliyemkemea, amejihesabia mwenyewe.

Akina mama wana halaka yao baada ya alasiri, na kwa haki ya Mungu mwendo wao ni mzuri kuliko wetu, kwa sababu anayeongoza hukaa katikati na si mbele. Watoto wa chuo nao wapewe kuongoza, lakini waanzie kwenye zile tatu tatu, mmoja dhikri moja, mwingine inayofuata. Mtoto asipewe hamsini mpaka ajue kushusha.

Watakuwepo wanaosema mambo haya ya kusoma kwa pamoja na maulidi hayana asili. Mabishano hayo yana wanachuoni wake na vitabu vyake, na halaka ya Alhamisi si mahali pake. Anayetaka kuuliza akae na Maalim siku nyingine, kwa heshima, apewe nafasi yake yote.

Mwezi wa Ramadhani Ratibu husogezwa kabla ya isha, kwa ajili ya tarawehe, na darasa linahamia baada ya alasiri. Hapo muda ni mfupi na watu wana swaumu. Ni bora kupunguza kasida yote kuliko kuharakisha hata dhikri moja. Alhamisi ijayo ni fasili ya nguzo 17 za swala, na atakayesoma Kiarabu ameshaambiwa leo ili apitie mapema.